Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Tuhifadhi Kwanza, Tubadilishe Baadaye

Mtu akikaa Horohoro kwa siku moja, pale lami itokayo Tanga inapokutana na ile ya Lunga Lunga, ataona shughuli za kila namna zikivuka mpaka. Watapita wafanyabiashara, watapita wagonjwa waendao kutibiwa Mombasa, na watapita ndugu zetu wa Pemba walioshuka chomboni Tanga wakaelekea kuwazuru jamaa zao wa upande wa pili. Jioni wengi wa hao hurejea. Na katika mizigo yao siku hizi haukosekani mfuko mweusi wa begani wenye kompyuta mpakato, ile ambayo majirani zetu wa Kenya huiita kipakatalishi. Ukimwuliza mwenye mfuko sababu ya ununuzi wake, jibu ni moja tu: "Ile ya nyumbani imezeeka."

Makala hii haikusudii kumlaumu mtu yeyote kwa kununua kompyuta. Chombo kikichakaa hapana budi kibadilishwe. Neno tunalotaka kulisema ni kwamba wengi wetu huianza kazi hiyo mahali pasipo pake. Tunauliza bei ya mashine mpya kabla hatujauliza kilichomo katika mashine ya zamani. Ilhali mashine hununuliwa, na yaliyomo ndani yake hayanunuliwi popote, si Mombasa, si Kariakoo, wala si Darajani. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi za viongozi, walimu na watumishi wa umma kompyuta hiyo moja hubeba mambo ya familia pamoja na mambo ya watu, jambo hili si la mtu binafsi peke yake. Ni jambo la amana.

Kwa nini zinazeeka pamoja

Ziko sababu za kuona kompyuta nyingi zikibadilishwa kwa wakati mmoja. Sababu ya kwanza ilitoka mbali. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, ambao ulitolewa mwaka 2015 na ndio uliokuwa ukiendesha kompyuta nyingi za majumbani. Ikumbukwe kwamba kompyuta hizo hazikuzimika siku ile. Ziliwaka asubuhi yake kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba tundu jipya likigunduliwa katika mfumo huo, hakuna tena fundi anayewajibika kuliziba. Ni mfano wa nyumba ambayo mlango wake ungalipo na kufuli lingalipo, lakini mlinzi ameondoka.

Mfumo uliofuata, Windows 11, una masharti yake. Unadai kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, isiyopungua gigabaiti 4, na nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64. Zaidi ya hayo unadai kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa zile zenye prosesa za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Kwa lugha nyepesi, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi, hata kama ni nzima na bado zinang'aa.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe, nayo ni pwani. Hewa ya chumvi hula vyuma vidogo vilivyomo ndani ya mashine kama inavyokula misumari ya jahazi. Vumbi la kiangazi huziba feni, na mashine isiyopumua hupata joto, nayo betri hufa mapema. Ongeza juu ya hayo umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Wenzetu wa Unguja hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile refu zaidi lililoanza Desemba 2009 likaendelea hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme kwa sababu ya hitilafu katika njia ya kuupeleka kutoka Bara. Wenzetu wa Pemba nao, tangu mwaka 2010, hupata umeme wao kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka hapa hapa Tanga. Kwa hiyo sote wa kanda hii, wa bara na wa visiwani, tu watu wa waya mmoja, na vyombo vyetu huumwa maradhi yaleyale.

Nchi yetu na mashine hii

Si vibaya vijana wakakumbushwa kwamba nchi hii ina historia na kompyuta. Mashine ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizowekwa katika mashine kuleta matatizo makubwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua hadi miaka ya 1990. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na Mombasa, intaneti yetu ilianza kutoka katika kutegemea setilaiti pekee.

Wako wanaoicheka marufuku ile ya mwaka 1974. Sisi hatuichki wala hatuitetei. Tunachosema ni kwamba swali walilojiuliza wazee wale lilikuwa swali la haki: je, tukiziweka hesabu za wananchi ndani ya chombo ambacho hatukukitengeneza, na ambacho hatukielewi vizuri, siku kikiharibika tutazipata wapi? Wao walilijibu swali hilo kwa kufunga mlango. Sisi tumeufungua mlango, na tumefanya vyema kuufungua, lakini swali tumelisahau. Katika nyumba zetu leo hesabu zimo ndani ya chombo, na hakuna anayeuliza.

Kisa cha hesabu za mwani

Nitatoa mfano, na mfano huo ni wangu mwenyewe, kwa maana si haki kukosoa watu ukajiacha.

Nyumbani kwangu palikuwa na kompyuta mpakato iliyonunuliwa mwaka 2014. Ndani yake mlikuwa na picha za marehemu mama, barua za kazi ya Chama, matokeo ya mitihani ya watoto, na pia hesabu za kikundi cha akina mama wakulima wa mwani wa kijiji kimoja cha pwani yetu ya Mkinga. Akina mama hao waliniomba niwatunzie hesabu za hisa zao kwa sababu nina mashine na najua kuitumia. Hadi mwaka 2020 hesabu zilikuwa pia katika daftari la karatasi. Baada ya hapo niliona daftari ni kazi maradufu, nikaacha kuliandika. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Mashine ilianza kuchoka. Ilichukua robo saa kuwaka, betri ikavimba hata kibodi kikainuka, na kioo kikawa na mstari. Mwishoni mwa mwaka 2025 nikavuka mpaka nikanunua nyingine. Ile ya zamani nikampa fundi mmoja, nikamwambia kwa haraka, nikiwa mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, "Nihamishie vitu vyangu, kisha uisafishe nimpe mwanangu." Fundi alisikia neno la mwisho kuliko la kwanza. Aliisafisha. Alifomati diski yote na kupandisha mfumo mpya juu yake. Niliporudi nilikuta mashine nyepesi, safi, tupu.

Simlaumu fundi yule peke yake. Mwenye mali ni mimi, na mwenye kuagiza ni mimi.

Mwezi uliofuata walifika wageni wawili kutoka Pemba, upande wa Micheweni. Dada yao aliolewa huku bara, akawa mwanachama wa kikundi kwa miaka mingi, na alikuwa amefariki. Walikuja kwa adabu zote, wakakaa barazani, wakapokea chai, kisha mkubwa wao akasema, "Sheikh, tumekuja kuulizia cha marehemu. Ana watoto yatima wawili, na mirathi haiwezi kugawiwa mpaka kijulikane kiasi chake." Alikuwa akiuliza haki. Na haki ile ilikuwa ndani ya diski iliyosafishwa.

Tulikaa na akina mama jioni tatu mfululizo. Tulifungua daftari la karatasi lililokoma mwaka 2020. Kwa miaka iliyosalia kila mmoja alisema alichokumbuka, huyu akikumbuka msimu wa bei nzuri, yule akikumbuka mwezi ambao marehemu alikuwa mgonjwa asishuke baharini. Mwishowe kikundi kilikadiria fungu, na wote wakaona afadhali lizidi kuliko lipungue. Wageni walipokea. Lakini walipokea kwa kutuamini, si kwa kuona hesabu. Walipopanda gari kurudi Tanga, mimi nilibaki barazani nikijua kwamba mali ya yatima ilikuwa imekadiriwa kama anavyokadiriwa samaki mnadani, na kisa ni uvivu wangu wa saa mbili.

Somo la chuoni

Katika hali ile nilikumbuka chuo cha Kurani nilichosomea. Wengi wa watu wa mwambao na visiwani waliopitia huko wanakijua kile kibao cha mti. Mwanafunzi aliandikiwa somo lake kwa wino, akalisoma na kulirudia. Siku ya kubadilisha somo kibao huoshwa kwa maji kikaandikwa jingine. Lakini hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuosha kibao kabla hajakaa mbele ya mwalimu akalisoma somo lote kwa moyo. Mwalimu husikiliza, akiridhika husema, "Osha." Aliyeosha kabla ya neno hilo alijua kitakachompata.

Kiswahili chetu kimelitunza jambo hilo katika neno moja. Anayeijua Kurani kwa moyo tunasema amehifadhi. Na anayeweka faili katika kompyuta tunasema amehifadhi. Neno ni moja na sharti liwe moja: kitu hakijahifadhiwa mpaka kinaweza kusomwa mahali pengine, kibao kikiwa hakipo. Faili iliyomo katika kompyuta moja tu ni somo lililo juu ya kibao. Bado halijaingia kifuani.

Hatua za kufuata

Kwa faida ya wasomaji, na hasa wenzetu wa visiwani ambao safari ya kumfuata fundi mwingine ni safari ya bahari, tunaziorodhesha hatua ambazo laiti ningezifuata.

Kwanza, hakikisha kwamba kweli mashine imekwisha. Mara nyingi kinachochosha kompyuta ya zamani ni diski yake ya kuzunguka. Ikitolewa na kuwekwa diski ya kisasa ya SSD, na RAM ikaongezwa hadi gigabaiti 8, mashine iliyokuwa ikiwaka kwa robo saa huweza kuwaka kwa muda usiozidi dakika moja. Gharama ya vifaa hivyo viwili kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kompyuta nyingine. Ikiwa mashine ni nzima lakini haikubaliki Windows 11, bado ziko njia. Microsoft ilitoa nafasi ya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 wanaojiandikisha, kuendelea kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Iko pia mifumo ya Linux isiyolipiwa, kama Linux Mint na Ubuntu, ambayo huendesha vizuri mashine za miaka mingi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la Kibantu wenzetu, maana yake ni utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kujitegemea katika jambo hili ni ndoto.

Pili, hifadhi kabla ya kwenda dukani. Wataalamu wana kanuni yao ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe mbali na nyumbani. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo katika kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje. Ya tatu iwe katika hifadhi ya mtandaoni, au katika diski nyingine iliyowekwa kwa jamaa mwaminifu. Kwa mtu wa kisiwani tunasema, nakala moja ivuke bahari. Moto ukiwaka au mwizi akiingia Wete, nakala iliyoko Tanga haidhuriki. Flashi peke yake isitegemewe kwa miaka, kwa maana hupotea na huharibika bila ya taarifa.

Wakati wa kunakili, usiishie kwenye nyaraka na picha tu. Kumbuka barua pepe, orodha ya namba za simu, maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya programu ya kusomea intaneti, na vitu vilivyoachwa juu ya meza ya kioo au katika sehemu ya vilivyopakuliwa. Aghalabu huko ndiko kulikojificha waraka unaotafutwa. Hakikisha pia kwamba namba ya simu iliyosajiliwa katika akaunti zako ndiyo unayoitumia sasa, la sivyo mashine mpya itakutaka uthibitishe kwa ujumbe utakaokwenda katika namba uliyoiacha zamani.

Tatu, sikilizwa somo lako. Chukua diski yenye nakala, ipachike katika kompyuta ya mtu mwingine, ufungue faili kumi za aina mbalimbali. Zikifunguka zote, umehifadhi. Zisipofunguka, hujahifadhi, na ni heri umelijua hilo mapema.

Nne, nunua kwa macho mawili. Kwa kompyuta iliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, uliza kizazi cha prosesa na usiridhike na jina la nje peke yake. Taka RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256, hizo zitatosha kazi za nyumbani kwa miaka kadhaa. Iwashe ukae nayo saa moja: bonyeza kila kitufe, jaribu kamera na sauti, iunganishe na intaneti, kisha uchomoe waya uone betri inakufikisha wapi. Tazama maandishi ya chaja. Ikiwa inakubali volti 100 hadi 240, umeme wetu wa volti 230 hautaidhuru, na ikiwa kichwa chake ni cha Kimarekani, kinabadilishwa kwa urahisi. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako ikiwa haina akaunti ya mtu mwingine, kwani mashine iliyofungwa kwa nenosiri la ofisi ya ng'ambo ni mzigo wa bure.

Tano, chukua stakabadhi na uione forodha. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kompyuta zimewekwa katika kundi la asilimia sifuri. Lakini ushuru wa forodha ni jambo moja, na kodi ya ongezeko la thamani pamoja na ada nyingine ni jambo jingine. Ni heri kumwuliza afisa kabla ya kununua kuliko kujificha njia za panya kwa ajili ya chombo kitakachokaa nyumbani miaka kumi. Aliyepita njia halali hana hofu chombo chake kinapoulizwa tena bandarini Mkoani au Wete.

Kuiandaa mashine mpya

Mashine mpya ikishafika nyumbani, isikimbiliwe kwa filamu. Iwekewe marekebisho yote ya mfumo kwanza, hata kama yatachukua usiku mzima wa intaneti. Kila anayeitumia afunguliwe sehemu yake: baba na yake, mama na yake, watoto na yao. Akaunti yenye mamlaka ya kupandisha na kuondoa programu ibaki kwa mtu mzima mmoja, wala yeye mwenyewe asiitumie kwa kazi za kila siku. Kinga iliyomo ndani ya Windows iachwe ikifanya kazi. Programu za wizi zisiingizwe, kwa sababu anayekupa bure kitu ambacho wenzake wanakiuza hutafuta malipo yake penginepo.

Liko jambo moja linaloumiza wengi. Katika kompyuta nyingi za Windows 11 diski hufungwa kwa siri, jambo ambalo ni zuri, kwa kuwa mwizi hawezi kuisoma. Lakini siku mashine ikipata hitilafu yaweza kumtaka mwenyewe aingize ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe mapema, uandikwe karatasini, uwekwe pamoja na hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi haihitaji umeme.

Mwisho wa hatua hii, mashine ya zamani isiguswe kwa mwezi mzima. Iache kabatini. Ndani ya mwezi huo utakumbuka kitu ulichokisahau, nacho utakikuta. Mwezi ukiisha, ndipo lisemwe lile neno la mwalimu: "Osha." Na kuosha huko kuwe kwa kweli. Kutupa faili katika kapu la takataka la kompyuta hakutoshi, kwa maana mjuzi huweza kuzirudisha. Ichaguliwe njia ya kusafisha diski yote, au kama mashine imekufa, diski itolewe ndipo mashine itolewe nyumbani.

Wala mabaki yasitupwe ufukweni au kuchomwa jalalani. Taarifa za kimataifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kilichokusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hakikufika hata robo. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa, kwani hulipuka moto. Visiwa vyetu ni vidogo na maji ya visima viko karibu, sumu inayozikwa leo huchotwa kesho.

Neno kwa wakubwa wetu

Tungeishia hapo kama kompyuta ya nyumbani ingekuwa ya nyumbani tu. Lakini kila mmoja wetu anajua ilivyo. Mtendaji wa kijiji huandika mihutasari ya ardhi katika mashine ya mtoto wake. Mwalimu mkuu hubeba alama za shule nzima katika mfuko wake wa begani. Katibu wa chama cha ushirika, kama nilivyofanya mimi, hutunza hisa za wanyonge pamoja na picha za harusi. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanafanya hivyo kwa sababu ofisi haina chombo, au chombo cha ofisi ni kibovu kuliko cha nyumbani.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ilizinduliwa mwaka 2024. Sheria hiyo inatambua kwamba mtu ana haki juu ya taarifa zake hata zikiwa mikononi mwa mwingine. Ni sheria njema. Lakini sheria haifiki kijijini kwa miguu yake. Kwa hiyo tunayaleta mbele ya viongozi wetu wa wilaya na mikoa, wa bara na wa visiwani, mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila ofisi ya kijiji, shehia, shule na ushirika ipewe diski ya nje mbili, moja ikae ofisini na moja ikae wilayani, zibadilishane kila mwezi. La pili, pasiwe na mtumishi anayebadilisha kompyuta yenye kazi za watu bila ya kuwapo mtu wa pili aliyezifungua nakala akatia saini kwamba zinasomeka. La tatu, patangazwe mahali maalumu katika kila wilaya pa kupokelea kompyuta na betri zilizokufa, ili mwananchi anayetaka kutenda mema ajue pa kwenda.

Tulifundishwa zamani kwamba cheo ni dhamana. Siku hizi dhamana hiyo imo ndani ya kisanduku chembamba kinachobebwa begani, kinacholowa mvua, kinachoibiwa garini, na kinachosafishwa na fundi aliyesikia nusu ya maneno. Hatuwezi kukirudisha nyuma, na hatutaki. Tunachoweza ni kukumbuka utaratibu wa wazee.

Akina mama wa mwani wameanza daftari jipya. Safari hii ziko nakala tatu: moja katika mashine yangu, moja katika diski iliyofungiwa kabatini kwa mweka hazina wao, na moja nimeituma Pemba kwa mjomba wa wale yatima, ambaye alikubali kuitunza. Kila mwisho wa mwezi hunipigia simu na kunisomea jumla iliyo mbele yake, nami huitazama iliyo mbele yangu. Mpaka sasa hazijatofautiana.